Mthamini wa benki kashapita. Mhandisi wa nini tena?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi na mume wangu tumepata nyumba Kibaha, upande wa Picha ya Ndege. Ina vyumba vitatu, kimoja masta, ina miaka minne na imepigwa rangi mpya. Tuliiona mwezi wa tano. Tunachukua mkopo benki, na mthamini wao kashakwenda. Ripoti yake inakubaliana na bei ya muuzaji. Kaka yangu ni fundi, ameona ufa mdogo juu ya dirisha la jikoni, akasema ni plasta tu. Mimi nataka tumlete mtu aikague nyumba, lakini dalali anasema hiyo ni hela ya kutupa, na kwamba kuna mteja mwingine anakuja na fedha taslimu Ijumaa. Mume wangu anaona dalali ana hoja. Ukaguzi una faida gani kwa nyumba ambayo benki yenyewe imeikubali? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Huyo mteja wa Ijumaa tumwache kwanza. Karibu kila nyumba ninayoitwa kuikagua huwa ina mteja wa namna hiyo, na kazi yake ni kuwafanya watu walipe kabla hawajafikiri.

Hoja ya mumeo ndiyo yenye uzito. Ila benki ilichokubali ni dhamana. Mthamini aliyetumwa pale alipewa swali moja: mkopaji akishindwa kulipa, mali hii itauzwa kwa kiasi gani? Ili alijibu, anaangalia mahali ilipo, ukubwa wa kiwanja na wa jengo, aina ya umiliki, barabara, huduma za maji na umeme, na bei za nyumba zinazofanana nayo. Ndiyo maana ripoti za namna hiyo huwa na thamani mbili, ya sokoni na ya kuuza kwa haraka. Hali ya jengo ataitaja kwa sentensi moja au mbili, kwa kile alichokiona akizunguka na kamera. Kupanda darini, kufunua chemba au kuchimba pembeni ya msingi si kazi aliyotumwa, wala simlaumu. Nyumba ikipasuka mwaka kesho, kiwanja bado kipo, na marejesho ya mkopo yanaendelea kukatwa kwenye mshahara wenu. Muuzaji ana dalali wake, benki ina mthamini wake. Nyinyi mnaotoa hela hamna mtu.

Kama mngekuwa mnanunua kwa ajili ya kiwanja, mvunje mjenge upya, ningewaambia mbaki na hela yenu ya ukaguzi. Lakini mnanunua mhamie.

Sasa, mmeiona nyumba mwezi wa tano, tena Kibaha. Hapo naomba tukae kidogo.

Sehemu kadhaa za Kibaha zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Masika yanapoisha mwezi wa tano, udongo huo umeshiba maji, umejaa, umeinuka. Kuanzia Juni hadi Oktoba unakauka taratibu, unapungua, unashuka na kuacha mianya ambayo mtoto anaweza kuingiza kiganja. Nyumba iliyokaa juu yake inapanda na kushuka nao. Tatizo ni kwamba haipandi yote kwa pamoja. Katikati, chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, unyevu haubadiliki sana kwa sababu jua na mvua havifiki; pembeni na kwenye kona ndiko kunakolowa na kukauka kila msimu. Kona inapanda, katikati pametulia. Kona inashuka, katikati pametulia. Tofali na saruji havijui kupinda, kwa hiyo vinapasuka.

Watu wengi hudhani hatari iko kwenye maghorofa. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, kila mtu alizungumzia ukaguzi wa maghorofa, na ni haki yao. Ila kwenye udongo huu nyumba ya chini ndiyo inayoteseka zaidi, kwa sababu ni nyepesi. Ghorofa lina uzito wa kuukandamiza udongo usiinuke. Nyumba ya tofali na bati udongo unainyanyua bila shida. Haitaua mtu kwa kishindo. Itakula hela yenu kidogo kidogo, kila kiangazi.

Na mwezi wa tano ndio mwezi ambao nyumba ya namna hiyo inapendeza kuliko wakati wowote. Udongo umevimba, nyufa nyingi zimejifunga. Ukiziba zilizobaki kwa putti, ukapiga skimu na rangi mbili, hakuna mnunuzi atakayeona kitu. Sisemi muuzaji wenu amefanya hivyo. Ninachosema ni kwamba rangi mpya mwishoni mwa masika, kwenye mfinyanzi, ni sababu ya kuangalia mara mbili.

Kuna vitu ambavyo rangi haifichi, na hivi mnaweza kuviangalia wenyewe kabla hata ya mhandisi kufika. Angalieni milango. Mlango ambao ukingo wake wa juu umepigwa randa kwa mshazari ulikuwa unakwama. Fremu ilishakwenda upande, fundi akakata mbao ili ufunge. Wekeni gololi juu ya marumaru kwenye kila chumba, muiachie. Ikikimbilia upande wa ukuta ule ule katika vyumba vinavyofuatana, sakafu imelala. Gongeni marumaru kwa kifundo cha kidole na msikilize zinazolia utupu. Kisha nendeni nyuma, kwenye ukuta wa fensi na kwenye banda la stoo au choo cha nje. Mwenye nyumba hupaka rangi anapopita mteja. Fensi ya nyuma huiacha. Udongo ni ule ule, msingi wa fensi ni dhaifu zaidi, kwa hiyo ukweli wa kiwanja mara nyingi umeandikwa pale. Fensi iliyokatika kwa ngazi, ikifuata maungio ya tofali kutoka chini kwenda juu, inakueleza kitakachotokea ndani.

Tuje kwenye ufa wa jikoni. Kaka yako huenda yuko sahihi. Plasta ikikauka haraka hutoa nyufa nyembamba kama nywele, zimetapakaa bila mpangilio, na hizo hazina neno. Ila ufa wenu upo juu ya dirisha, na kona za madirisha na milango ndiko ukuta unakoanza kukatika msingi unapocheza. Chukua kadi yako ya benki. Unene wake ni milimita 0.76. Ikiingia kwenye ufa, huo si unywele tena. Tazama umekwendaje: ukianzia kona ya dirisha ukapanda kwa mshazari, ni tofauti na uliosimama wima katikati. Tazama ni mpana wapi: ukiwa mwembamba chini na mpana juu, upande mmoja wa ukuta unashuka na kujivuta nje. Kisha toka nje, simama sehemu hiyo hiyo. Ufa unaoonekana pande zote mbili umepita kwenye tofali, na hapo habari ya plasta imekwisha. Kwa kipimo ambacho wahandisi wengi hukitumia, hadi milimita 5 ni uharibifu mdogo unaozibika, 5 hadi 15 unahitaji kazi ya maana, na kuanzia 15 kwenda juu tunazungumzia kubomoa na kujenga upya vipande vya ukuta. Lakini upana wa leo si kila kitu. Cha kuogopwa ni ufa unaotembea, na huo haujulikani kwa kuutazama siku moja.

Kwa hiyo kaka yako aje tena, ila asije peke yake. Fundi mzuri anajua kujenga na kuziba. Kueleza kwa nini ukuta ulipasuka, na kama utapasuka tena, kunahitaji mtu aliyesomea udongo na miundo. Halafu yeye ni kaka: akiwaambia nunueni na mambo yakaharibika, mtamfanya nini?

Mhandisi akifika Kibaha, kitu cha kwanza nitakachotaka afanye ni kuchimba. Shimo dogo pembeni ya ukuta, upana wa kutosha mtu kuinama, hadi chini ya msingi. Pale anaona mambo matatu kwa mpigo: msingi umekwenda chini kiasi gani, umejengwa kwa kitu gani, na umekalia udongo wa aina gani. Udongo wenyewe anaupima kwanza kwa mkono. Anachukua donge, analilowesha kidogo, analiviringisha juu ya kibao mpaka liwe uzi. Udongo unaokubali kuwa uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika una mfinyanzi wa kutosha. Wa kichanga utakatika mapema sana. Akiwa na shaka anapeleka sampuli maabara. Muuzaji anaweza kusita kuchimbiwa uwanja wake, na hilo naliona ni la kawaida. Mwambieni shimo litafukiwa na kushindiliwa siku hiyo hiyo kwa gharama yenu. Akikataa hata hivyo, muulizeni kwa upole anaogopa nini.

Pia atauliza karo, lile shimo la majitaka, liko wapi. Maji ya karo lililochimbwa karibu na msingi yanalowesha kona moja mwaka mzima wakati nyingine zinakauka, na kona hiyo itainuka peke yake. Vivyo hivyo bati lisilo na gata linalomwaga maji ukutani, na mti mkubwa uliopandwa karibu unaofyonza maji kiangazi. Msikimbilie kuukata mti, lakini. Ukikatwa, udongo uliokuwa umekaushwa na mizizi utaanza kunywa maji upya na kuvimba, na nyumba iliyokuwa imetulia itaanza kucheza upande wa pili.

Baada ya msingi, dari. Hapa ndipo mimi hupenda kuanzia nyumba ikiwa si ya udongo mbaya. Mafundi wengi hawapigi plasta juu ya dari, kwa hiyo ukipenya na tochi unaikuta nyumba haina nguo. Unaona tofali lenyewe. Likwaruze kwa msumari: lililokosa saruji linamomonyoka na kumwaga mchanga, na huko ndiko mfuko mmoja ulikovutwa utoe tofali nyingi kupita kiasi. Unaona lenta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha, kama imezunguka nyumba yote au imeishia juu ya madirisha tu. Unaona kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kama zilitiwa dawa, na kama mchwa amepanda kwa vile vijia vyake vya udongo. Unaona alama za maji chini ya bati na kwenye misumari. Geji ya bati nayo ulizeni: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba, geji 32 ni nyepesi kuliko 28, ingawa wauzaji huitamka namba kubwa kama sifa. Na unaona nyaya za umeme zilivyoungwa. Ukikuta waya zimesokotwa na kufungwa nailoni juu ya jipsamu, fundi maiko, fundi wa kubahatisha, amepita. Dari isiyo na mlango wa kupandia si kisingizio. Kifuniko cha nje chini ya kingo za bati kinaweza kufunguliwa na kurudishwa.

Umeme na maji nitapita haraka kwa sababu vinarekebishika. Kwenye ubao wa umeme kuwe na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Kibonye chake cha majaribio kikibonyezwa lazima ikate. Soketi ziwe na waya wa milimita mraba 2.5, si 1.5 ya taa. Kama kuna hita ya bafuni, waya wake ufuatiliwe hadi kwenye ubao. Maji: funga mabomba yote, hakikisha tangi limejaa, kisha tazama mita kwa dakika chache; ikitembea, kuna bomba linalovuja ambapo hamulioni, na kwenye mfinyanzi hilo linarudi kuwa habari ya msingi. Choo: vuta vyoo vyote kwa pamoja, mmoja wenu akiwa amesimama kwenye chemba iliyofunguliwa anatazama maji yanakwendaje.

Kuhusu nondo na kutu, kama ingekuwa Kigamboni au Bagamoyo karibu na bahari ningeandika kurasa mbili. Mchanga wa pwani na maji ya kisima yenye chumvi yakiingia kwenye zege, nondo inashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo inapasua zege kutoka ndani. Kwenu inatosha kutazama nguzo za baraza na lenta: ufa ulionyooka unaofuata urefu wa nguzo, wenye doa la kahawia, si wa plasta.

Mtauliza, je, tukinunua halafu tukagundua, si tunamshtaki? Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inamlinda aliyedanganywa. Lakini kunyamaza kwa muuzaji peke yake kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa ulaghai, na mnunuzi aliyekuwa na nafasi ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida atapata taabu kulalamika baadaye. Kwa hiyo msimwache anyamaze. Muulizeni kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: nyumba imewahi kupasuka na kuzibwa? Imewahi kuingia maji? Karo limewahi kujaa na kuhamishwa? Jibu lake la maandishi wakili wenu atalifurahia. Na muulizeni jirani, hasa yule ambaye nyumba yake ni ya umri huo huo, pamoja na mpangaji aliyewahi kukaa pale kama mtampata. Mpangaji hana cha kuuza.

Nani wa kumwita? Mhandisi ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Ombeni namba yake ya usajili na muihakiki kwenye bodi. Asiwe mtu wa dalali, wala ndugu wa muuzaji, wala yule atakayetaka kazi ya kukarabati. Akitaka kulipwa kwa asilimia ya bei ya nyumba, tafuteni mwingine. Mkubaliane kiasi kamili kwa maandishi, pamoja na nauli na mtu wa kuchimba. Ni hela, sikatai, ila linganisheni na fungu la dalali ambalo hamjalihoji. Mnachodai ni ripoti yenye picha, inayosema lipi ni la haraka, lipi la kuangaliwa, na makadirio ya gharama. Ripoti inayosema tu "nyumba iko katika hali nzuri" mrudishieni.

Ripoti hiyo ndiyo mtakayokwenda nayo mezani. Nyumba nyingi hazikataliwi. Mara nyingi zaidi mnakuta mambo ya kutengeneza: kuhamisha karo, kuweka gata, kumwaga zege la mita moja na zaidi kuzunguka nyumba ili kingo za msingi zisilowe na kukauka kila msimu, kushona nyufa kwa nondo. Jumlisheni gharama, mziondoe kwenye bei. Muuzaji aliyekataa kupunguza kwa kubembelezwa hupunguza akioneshwa picha. Lakini kama mhandisi ataandika kwamba msingi ni mfupi, umekalia mfinyanzi, na kuta zinatembea, ondokeni. Kuchimba chini ya msingi uliopo na kuujazia zege kipande kwa kipande ni kazi ya gharama ambayo sijaona mshahara ukiifurahia.

Mhandisi hatawaambia kuhusu hati, na msimsukumie. Hakiki umiliki kwa msajili wa hati, mpima ardhi aoneshe mawe ya mipaka, na mhakikishe mwenzi wa muuzaji ametoa ridhaa, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa hiyo. Mko ukanda wa barabara ya Morogoro. Walionunua bila kuangalia hifadhi ya barabara waliijua mwaka 2017 nyumba zilipobomolewa.

Wiki hii, basi, msilipe chochote. Mwandikieni muuzaji kwamba mnaitaka nyumba kwa bei mliyokubaliana, na kwamba malipo ya awali yatatolewa baada ya ripoti ya mhandisi, ndani ya siku 14. Ikiwa lazima mtoe kitu ili nyumba ishikwe, kitolewe kwa wakili kikiwa na kipengele kwamba kinarudishwa chote ukaguzi ukionesha kasoro ya msingi au ya muundo. Benki nayo iambieni; ripoti ya uthamini haiozi kwa wiki mbili. Na kama muuzaji hana haraka, gandisheni kipande cha kioo chembamba juu ya ule ufa wa jikoni, kishikwe kwa saruji pande zote mbili, mwandike tarehe ukutani kwa penseli. Kirudieni mwezi wa tisa, jua likiwa limekausha uwanja. Kioo kikiwa kizima, kaka yako alisema kweli.